Kompyuta ya Gemu kwa Mfuko wa Mwanafunzi

Kompyuta inayochezesha gemu kazi yake ni kuchora picha, tena kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuihesabu. Kioo cha kawaida cha siku hizi kina vitone 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, jumla vitone 2,073,600. Gemu ikienda kwa fremu 60 kwa sekunde, kiwango ambacho wachezaji wengi huridhika nacho, mashine inapaswa kukokotoa rangi ya vitone zaidi ya milioni 124 kila sekunde, na kila picha nzima hupewa milisekunde 16.7 tu za kuandaliwa. Kila kifaa kinachowekwa ndani ya kasha, kuanzia cha bei kubwa hadi waya wa mwisho, kipo ili hesabu hiyo itimie bila kukwama.

Kazi yenyewe imegawanywa. Prosesa hufikiri: mpira umeelekea wapi, beki amesogea vipi, risasi imempata nani. Kadi ya grafiki huchora yale yaliyoamuliwa. Ni kama watu wawili wanaopika chapati kwenye kibanda kimoja, mmoja akisukuma na mwingine akichoma. Msukumaji akiwa mzito, kikaango hukaa kitupu hata moto ukiwa mkali namna gani. Mchomaji akiwa mzito, chapati mbichi hurundikana ubaoni. Idadi ya chapati zinazomfikia mteja hupangwa na yule aliye mzito kati yao. Ndiyo maana mwanafunzi anayemalizia fedha zake kwenye prosesa kubwa, akabakiwa na kadi dhaifu, hucheza kwa tabu kuliko jirani yake aliyenunua vyote viwili vya wastani. Katika gemu nyingi mzigo mzito uko upande wa kuchora, kwa hiyo kadi ya grafiki ndiyo inayostahili fungu kubwa kuliko vifaa vyote: kati ya theluthi moja na nusu ya fedha zinazoingia kwenye kasha.

Kabla ya kukanyaga dukani ni lazima ijulikane gemu gani zitachezwa. Valorant, Counter-Strike 2, Dota 2 na Fortnite huchezwa bila kulipia, na zimetengenezwa makusudi zikubali mashine za kawaida, kwa kuwa uhai wake unategemea wingi wa wachezaji. Gemu za mpira huomba zaidi kidogo. EA Sports FC 25, mrithi wa ile FIFA iliyojaza vibanda vya gemu kuanzia Mombasa hadi Mwanza, hutaja kiwango cha chini kuwa prosesa ya aina ya Core i5-6600K au Ryzen 5 1600, RAM ya GB 8, kadi kama GTX 1050 Ti au RX 570 yenye kumbukumbu ya GB 4, na nafasi ya GB 100. Ili mchezo uende vizuri hupendekezwa RAM ya GB 12 na kadi kama GTX 1660. Watengenezaji huonyesha masharti ya namna hii kwa kila gemu. Mwanafunzi aandike ya gemu tatu anazozicheza kweli. Zile anazozitamani kwa sababu ya matangazo zitamwongoza kwenye kadi asiyoihitaji.

Kioo nacho kiingie kwenye hesabu tangu mwanzo. Vioo vya mtumba vilivyotoka maofisini, vyenye vitone 1,600 kwa 900, vina vitone pungufu kwa karibu theluthi moja kuliko vya 1,920 kwa 1,080, na kadi dhaifu hupumua vizuri juu yake. Kioo kipya cha hezi 100 au 144 kinavutia, lakini kama kadi inatoa fremu 50, hezi zilizozidi hazionekani kwa macho. Kwa bajeti ya mwanafunzi, kioo cha inchi 22 au 24 cha hezi 60 au 75 kinatosha kabisa kuanzia.

Njia inayompa mwanafunzi wa Afrika Mashariki thamani kubwa kwa kila shilingi ni kompyuta ya ofisi ya mtumba. Makampuni ya Ulaya, Marekani na Ghuba hubadilisha mashine zao kila baada ya miaka michache, na Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre kwa maelfu huishia Kariakoo mjini Dar es Salaam, Luthuli mjini Nairobi na kwingineko. Ndani ya kasha mojawapo tayari kuna prosesa, ubao mama, RAM, pawasaplai na mara nyingi Windows yenye leseni. Mnunuzi akiongeza kadi ya grafiki, amepata mashine ya gemu kwa bei ambayo vifaa vipya peke yake haviwezi kuigusa.

Ila lazima ajue kusoma namba. Maneno "Core i5" yaliyobandikwa usoni mwa kasha hayasemi lolote kuhusu umri wa prosesa. Umri uko kwenye tarakimu zinazofuata: i5-4570 ni ya kizazi cha 4, ya mwaka 2013, yenye viini vinne; i5-8500 ni ya kizazi cha 8, ya mwaka 2018, yenye viini sita. Muuzaji anaweza kuziita zote "i5 safi kabisa" bila kusema uongo. Hata i7-4770, iliyokuwa ya kutamanika wakati wake, inaachwa mbali na i3-12100F ya mwaka 2022. Kizazi cha 8 kina umuhimu mwingine: Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa masharti rasmi ya Microsoft hukubali prosesa za Intel kuanzia kizazi hicho, pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Valorant kwenye Windows 11 haifunguki kama TPM 2.0 na Secure Boot havijawashwa. Kompyuta ya kizazi cha 4 bado itaandika ripoti na kuchezesha gemu za zamani, lakini mwanafunzi mwenye miaka mitatu au minne chuoni akijinyima kidogo afike kizazi cha 8, hatajuta.

Umbo la kasha ni jambo la pili la kukagua, na hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Mashine zile ndogo za ukubwa wa kitabu hazina tundu la kadi ya grafiki kabisa. Kasha jembamba lina tundu, lakini hupokea tu kadi za kimo kifupi, ambazo ni chache na bei yake huwa juu. Kasha refu la mnara ndilo la kutafutwa, kwa kuwa kadi ya kimo cha kawaida huingia. Hata hivyo pawasaplai ya mashine hizi mara nyingi ni ya wati 180 hadi 300, na haina waya wa ziada wa kulisha kadi. Dell na HP pia hutumia viunganishi vyao wenyewe badala ya kile cha pini 24 kinachotumika kwingine, hivyo pawasaplai ya dukani haiingii bila adapta. Mwenye kasha la namna hiyo hununua kadi inayokula umeme kutoka kwenye tundu lenyewe, ambalo hutoa hadi wati 75. Kwenye kundi hilo GTX 1650 ya mwaka 2019, katika matoleo yasiyo na tundu la umeme, na RTX 3050 ya GB 6 ya mwaka 2024, inayokula wati 70, ndizo zenye nguvu zaidi kwa mwenye fedha kidogo. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 ni ngazi ya chini yake. Bado inacheza, ingawa mnamo Oktoba 2025 NVIDIA ilisitisha draiva mpya za gemu kwa kizazi chake na kubakiza masasisho ya usalama tu.

Soko la kadi za grafiki ndilo lenye mitego mingi kuliko soko la kifaa kingine chochote. Majina hufanana, nguvu hutofautiana. GT 1030 ina sura mbili: ya kumbukumbu ya GDDR5 inayosafirisha GB 48 za data kwa sekunde, na ya DDR4 isiyofika GB 17, ingawa jina kwenye boksi ni lile lile. RX 580 halisi ina vikokotozi 2,304, lakini lipo toleo lililotengenezwa kwa soko la China lenye 2,048, ambalo kwa kweli ni RX 570 iliyovishwa jina la kaka yake. RX 6500 XT ya mwaka 2022 huzungumza na ubao mama kwa njia nne tu badala ya nane au kumi na sita; ikichomekwa kwenye ubao wa zamani wenye PCIe 3.0, kama ule wa OptiPlex za kizazi cha 8, hupungukiwa pale pale ambapo mwanafunzi alitegemea nafuu.

Halafu kuna bandia kabisa. Wapo wanaochukua chipu za zamani kama GTS 450 au GTX 550 Ti, wakabadilisha programu iliyochomwa ndani yake ili ijitambulishe kwa Windows kuwa GTX 1050 Ti. Kadi huwaka, jina huonekana, ila gemu hugoma. Dawa yake ni programu ya bure iitwayo GPU-Z, ambayo husoma chipu yenyewe na kuandika kwamba kadi ni bandia inapotambua udanganyifu. Mwanafunzi aende nayo dukani kwenye flashi. Muuzaji mwaminifu hatakataa iwashwe mbele yake, na anayekataa amejibu swali.

Kadi nyingi za mtumba, hasa RX 570, RX 580 na za familia ya RX 6000 na RTX 3000, zilitoka kwenye kuchimba sarafu za kidijitali. Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa Ethereum uliacha mfumo uliohitaji kadi za grafiki, na wachimbaji wakamwaga kadi zao sokoni. Kadi iliyofanya kazi mchana na usiku si lazima iwe imekufa. Kinachochakaa zaidi ni feni na krimu ya kupitisha joto, na vyote viwili hubadilishwa na fundi. La kufanya ni kuipa gemu au programu ya majaribio kwa dakika 20 huku joto likiangaliwa. Ikivuka nyuzi 85 ikiwa bado mezani kwa muuzaji, ndani ya chumba cha hosteli hali itakuwa mbaya zaidi. Vitone vya rangi ngeni vikianza kumeta kwenye picha, irudishwe papo hapo.

Kwa mwenye uwezo wa kadi yenye tundu lake la umeme, RX 6600 ya GB 8 imekuwa chaguo zuri kwa miaka kadhaa: ilitoka Oktoba 2021 kwa dola 329, baadaye bei ikashuka sana, na hula wati 132 tu. Inaendesha gemu nyingi kwenye kioo cha 1,920 kwa 1,080 kwa raha. Mwanafunzi wa uhandisi, usanifu au akili bandia afikirie pia kadi za NVIDIA, kwa kuwa programu nyingi za taaluma hizo zimeandikwa kwa mfumo wake wa CUDA. RTX 3060 ya GB 12 iliyotumika inaweza kumwokolea saa nyingi za mradi wa mwaka wa mwisho. Kumbukumbu ya kadi nayo isidharauliwe. GB 4 zimeanza kubana, na gemu mpya zikizidi hapo hukatika-katika hata kama chipu ina nguvu. GB 6 ni afadhali, GB 8 ndiyo salama.

Anayejenga kwa vifaa vipya huanza na prosesa na ubao mama kwa pamoja, kwa kuwa tundu la kimoja lazima lilingane na miguu ya kingine. Tundu la AM4 la AMD limehudumu tangu mwaka 2016, vifaa vyake vimejaa sokoni hata vya mtumba, na hutumia RAM ya DDR4. Ryzen 5 5600, yenye viini sita, ndiyo moyo wa mashine nyingi za bajeti za aina hii. Upande wa Intel, i3-12100F yenye viini vinne hufanya kazi kubwa kuliko bei yake, na ubao wake unaweza baadaye kupokea i5-12400F bila kubadilishwa. Herufi F mwishoni humaanisha prosesa haina grafiki yake ya ndani. Bila kadi, kioo hakitaonyesha kitu.

Hapo ndipo Ryzen 5 5600G inapokuja na msaada wake. Ina grafiki ya ndani inayoweza kuendesha Valorant, Dota 2 na gemu nyingine nyepesi bila kadi yoyote. Humruhusu mwanafunzi kujenga kwa hatua, kama nyumba nyingi mitaani zinavyojengwa: msingi mwaka huu, boma mwaka unaofuata, bati baadaye, na familia huhamia kwenye chumba kimoja kabla vingine havijapauliwa. Mwanafunzi anayeweka akiba kutoka kwenye fedha za kujikimu, zile ambazo wanachuo wa Tanzania huziita bumu, anaweza kununua mashine ya 5600G muhula huu, akaanza kucheza na kusoma, kisha kadi ikaja baada ya mihula miwili. Gharama ya njia hii ni kwamba 5600G ina hifadhi ya ndani ya prosesa (cache) ndogo kuliko 5600, kwa hiyo kadi ikishafungwa fremu huwa pungufu kidogo. Ni bei inayolipika.

RAM ya GB 16 ndiyo kiasi kinachofaa, na iwe vijiti viwili vya GB 8, si kimoja cha GB 16. Kijiti kimoja cha DDR4-3200 husafirisha GB 25.6 kwa sekunde. Viwili vikiwa kwenye matundu sahihi hufanya kazi sambamba na kufikisha GB 51.2. Kwa mwenye kadi ya grafiki, ambayo ina kumbukumbu yake mwenyewe, tofauti ni ya wastani. Kwa mwenye 5600G ni kubwa, kwa sababu grafiki ya ndani haina ghala jingine ila RAM hiyo hiyo. Kompyuta nyingi za ofisi huuzwa na kijiti kimoja, na kuongeza cha pili ni miongoni mwa marekebisho ya bei ndogo yenye matokeo ya kuonekana. Bei za RAM zilipanda vibaya mwishoni mwa 2025, viwanda vilipoelekeza uzalishaji kwenye mitambo ya akili bandia, kwa hiyo mashine ya mtumba inayokuja na GB 16 tayari ina thamani kubwa zaidi ya ilivyoonekana zamani.

Kuhusu uhifadhi hakuna ubishi: mfumo na gemu vikae kwenye SSD. Ya SATA husoma takriban MB 550 kwa sekunde na ya NVMe ya PCIe 3.0 hufika MB 3,500, lakini ndani ya gemu tofauti ya hizo mbili ni ndogo. Pengo kubwa ni kati ya SSD yoyote na diski ya kuzunguka. GB 500 hujaa haraka, maana gemu tatu za leo zinaweza kumeza GB 300. Kupakua GB 100 kwa bando ni gharama nyingine ambayo wachache huiweka kwenye bajeti. Tangu 2023 Steam inaruhusu kompyuta moja kunakili gemu kutoka kwa nyingine iliyo kwenye mtandao mmoja wa ndani, hivyo wakazi wa hosteli moja wanaweza kupakua mara moja na kugawana, kila mmoja akitumia akaunti yake yenye gemu hiyo.

Pawasaplai haiongezi hata fremu moja, na kwa sababu hiyo ndiyo hukatwa kwanza bajeti inapobana. Ni kosa linalouma. Pawasaplai mbovu ikifa inaweza kuondoka na ubao mama pamoja na kadi. Makasha mengi ya bei ya chini huja na pawasaplai iliyoandikwa wati 500 ambayo haiwezi kustahimili hata nusu yake. Dalili moja ni wepesi wake mkononi, nyingine ni kukosa jedwali linaloonyesha ampea za volti 12. Mahitaji halisi si makubwa. Ryzen 5 5600 pamoja na RX 6600 na vingine vyote hula chini ya wati 300, hivyo pawasaplai ya wati 450 au 500 ya kampuni inayoeleweka, yenye alama ya 80 Plus, inatosha na kubaki. Mwenye jamaa anayemtumia mashine kutoka Marekani aangalie nyuma ya pawasaplai kama kuna swichi nyekundu ya 115 na 230. Ikiachwa kwenye 115 kisha ichomekwe kwenye umeme wa Tanzania au Kenya, itakufa kwa mlipuko mdogo na harufu ya kuungua.

Umeme wenyewe una tabia zake. Ukikatika na kurudi ghafla hurudi na msukosuko, na ndio unaoua vifaa kuliko kukatika kwenyewe. UPS ndogo ya VA 650 hutoa chini ya wati 400 kwa dakika chache, muda wa kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Asiyeimudu awe angalau na kinga ya msukosuko wa umeme, na achomoe kabisa wakati wa mvua za radi.

Kasha zuri ni lile linalopitisha hewa: feni moja mbele ikivuta, moja nyuma ikitoa, na wavu unaovulika wa kuzuia vumbi. Kioo cha pembeni na taa za rangi havipunguzi joto. Katika miji ya pwani, ambako hewa ina unyevu na chumvi, kasha lisiwekwe sakafuni karibu na dirisha, na lipulizwe vumbi kila baada ya miezi michache.

Vifaa vikishafungwa, mambo matatu hukaguliwa siku ya kwanza. RAM iliyoandikwa 3200 kwenye boksi mara nyingi huanza na 2133 au 2400 hadi mpangilio wa XMP uwashwe kwenye BIOS. Kwenye kompyuta nyingi za ofisi chaguo hilo halipo. Kioo cha hezi 75 au 144 hubaki kwenye 60 hadi kibadilishwe ndani ya mipangilio ya Windows. La tatu huwakuta hata waliosoma sana: kebo ya kioo ikichomekwa kwenye matundu ya ubao mama, yale ya juu nyuma ya kasha, kompyuta huchora kwa grafiki ya ndani au haionyeshi picha kabisa, na kadi iliyonunuliwa kwa akiba ya mwaka mzima hukaa bure hadi kebo ihamishiwe kwenye matundu ya chini, yaliyo kwenye kadi yenyewe.